Kinga na Kinga

Mtaa wa Blake hauendi juu, unapanda ukuta.
Sheffield nzima ni vilima, lakini huu
wameutia vyuma kando, vya kushika wakati wa barafu,
nami navishika mwezi wa Juni.
Miaka tisa niliupanda na mfuko wa barua begani,
bili, kadi za Krismasi, mbegu za maua za mzee Hargreave,
na nikifika kileleni napiga mluzi.
Sasa nahesabu. Chuma cha nne, pumua.
Chuma cha saba, kaa.
Mbwa wa watu ananipita, anageuka kunitazama.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alijipa jembe mwenyewe,
akalima mapafu siku kumi na moja,
akaondoka bila kuvuna,
na shamba mpaka leo halijui kuwa msimu umekwisha.

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi nampa Gwenda mkono.
Muuguzi wa utafiti, vidole baridi, maneno haba.
Anajaza chupa tatu, vifuniko vya zambarau,
anaandika namba yangu, si jina.
Mnatafuta nini humo?
"Kumbukumbu," akasema. "Damu ikipigwa mara moja
huiweka sura ya adui."
Na kusahau je, inajua?
Akaitikisa chupa taratibu, akaitazama kwenye mwanga.
"Hilo ndilo hatujui."

Nadhani askari wangu hawajalala.
Vita viliisha, hakuna aliyewapigia baragumu la kurudi,
basi wanarusha mishale gizani:
kwenye goti, kwenye moyo,
kwenye neno nililokuwa nikilifuata.
Jana lilipotea "kijiko."
Nilisimama jikoni nikimwonyesha mke wangu kwa vidole,
supu inapoa.

Na Tunu wetu, aliyezaliwa mwaka wa milango kufungwa,
akajua watu kwa macho tu, midomo ilikuwa ya nyumbani,
sasa yuko chekechea, na kila mafua ya mji
yanamjua kwa jina.
Mtu kwenye redio kasema watoto hawa wanalipa deni.
Deni? Ana miaka minne.
Nani alimkopesha?

Wiki hii imekuja barua, sikuileta mimi.
Surua imerudi. Leteni watoto wachanjwe.
Roxanne, jirani, kaikunja yake mara nne
akaisukuma chini ya mguu wa meza inayoyumba.
"Walituambia mengi," alisema.
"Mama alikata roho nyuma ya kioo,
mimi niko kwenye maegesho, nimeshika simu,
na wakubwa wanakula keki."
Nilikuwa na pumzi ya sentensi moja,
na sentensi yenyewe sikuwa nayo.
Hiyo nayo ni kinga iliyokwisha mwilini mwa mji,
na Gwenda hana chupa ya kuipimia.

Kwetu neno hili lina vyumba vingi.
Kinga ni ngao.
Kinga ni kutega ndoo chini ya paa, mvua ikinyesha.
Kinga, tena, ni kijiti chenye moto upande mmoja,
ambacho kikiachwa peke yake hufuka,
kikatoa watu machozi, kikafa.
Ndipo tukaambiwa kinga na kinga.
Nilitaka kumweleza Roxanne hayo,
lakini kwa Kiingereza yanakuwa maneno matatu
yasiyojuana.

Jumamosi tulitoka mapema, kliniki iko bondeni.
Tunu amejifunza mwendo wangu,
anasimama kabla sijamwambia,
anajifanya anaangalia konokono.
Chuma cha tano tukamkuta Roxanne
na wanawe wawili, makoti yamefungwa hadi kidevuni,
mdogo ananung'unika kuhusu sindano.
Hakutaja barua. Sikutaja.
"Meza imeanza kuyumba tena," akasema,
akanipa mkono wa upande usio na chuma,
tukashuka.